Wawindaji wa mwanga usiosubiri

Saa 11:58 alfajiri ya Ijumaa, tarehe 28 Februari 1997, kwa saa za Afrika Mashariki, miale ya gama iliyokuwa safarini kwa mabilioni ya miaka iliipiga setilaiti iitwayo BeppoSAX. Mpigo huo ulidumu kama sekunde 80, kisha ukakatika. Setilaiti hiyo ilikuwa ya Italia kwa ushirikiano na Uholanzi, na njia yake ilifuata ikweta. Kila ilipomaliza mzunguko, yaani kila baada ya saa moja na nusu na ushei, ilipita juu ya kituo kile kile cha ardhini na kushusha yote iliyokusanya: kituo cha Waitalia cha Ngomeni, karibu na Malindi. Kutoka hapo data zilirushwa hadi Rome. Habari iliyokuja kutegua kitendawili kilichowashinda wanaastronomia kwa miaka 30 ilitua kwanza pwani ya Kenya, ndipo ikafika Ulaya.

Jambo hili halitajwi sana, hata huku kwetu. Nalitanguliza kwa sababu makala haya yanahusu kazi ambayo wengi hudhani ni ya watu wa mbali, wenye vioo vikubwa na mifuko mizito, nami naamini historia yake inasema vingine. Kazi yenyewe ni kuutafuta mng'ao unaobaki baada ya mlipuko wa miale ya gama, ule mwanga wa kawaida ambao darubini inaweza kuunasa, kabla haujafifia na kupotea. Tangu mwaka ule wa 1997, waliofanikiwa katika kazi hii mara nyingi hawakuwa wenye kioo kikubwa kuliko wote. Ni wale ambao darubini zao huona eneo pana la anga kwa mara moja, wanaowahi, na wenye picha za jana za kulinganisha na za leo.

Walitafuta mabomu, wakakuta nyota

Milipuko ya gama iligunduliwa na watu waliokuwa wakitafuta kitu kingine kabisa. Mwaka 1963 Marekani, Uingereza na Umoja wa Kisovyeti zilikubaliana kuacha majaribio ya mabomu ya nyuklia angani, chini ya maji na katika anga za juu. Kuaminiana hakukuwepo. Marekani ikarusha setilaiti za Vela, zenye ala za kunasa miale ya gama itokayo kwenye bomu, ili imchunge mwenzake. Tarehe 2 Julai 1967 setilaiti hizo zilinasa mpigo usiofanana na wa bomu lolote. Mingine ikafuata. Ray Klebesadel, Ian Strong na Roy Olson wa maabara ya Los Alamos waliichambua, wakaridhika kwamba haitoki duniani wala kwenye Jua, na mwaka 1973 wakaitangazia dunia milipuko 16.

Basi inatoka wapi? Miale ya gama haikubali kukusanywa kwa lenzi wala kioo kama mwanga wa kawaida. Hupenya. Ala zinaweza kueleza kwamba kitu kimelipuka, na kukadiria ni upande gani wa anga, lakini hazikuweza kuinyooshea kidole nyota fulani. Kati ya 1991 na 2000 ala ya BATSE, iliyobebwa na chombo cha Compton cha NASA, ilihesabu milipuko 2,704. Ramani yake ilionyesha kwamba imetapakaa sawasawa kila upande, bila kuufuata ule mkanda mweupe wa galaksi yetu unaoonekana usiku wa giza. Aprili 1995 wanaastronomia walikusanyika Washington kusikiliza mdahalo. Bohdan Paczyński, Mpoland aliyefundisha Princeton, alishikilia kwamba milipuko iko mbali mno, mabilioni ya miaka nuru. Donald Lamb wa Chicago alishikilia kwamba iko pembezoni mwa galaksi yetu wenyewe. Hakuna aliyemshinda mwenzake, na hangeweza kupatikana mshindi, kwa kuwa bila kuuona mlipuko kwa mwanga wa kawaida hakuna namna ya kupima umbali wake.

Kilichokosekana kililetwa na BeppoSAX. Pamoja na kunasa gama, setilaiti hiyo ilikuwa na kamera za eksirei zilizoangalia uwanda mpana na kuweza kubana mahali pa mlipuko hadi kipande kidogo cha anga. Saa 8 baada ya mpigo wa Februari 28, ala zake nyingine zilikuwa zimeshageuzwa kuelekea pale, na kundi la Enrico Costa likakuta chanzo kipya cha eksirei kinachofifia. Habari zikafika Amsterdam kwa Paul Groot na Titus Galama, vijana waliokuwa bado wanasomea udaktari wa falsafa chini ya profesa Jan van Paradijs. Darubini ya William Herschel katika kisiwa cha La Palma ilipiga picha usiku uliofuata, saa 21 baada ya mlipuko. Machi 8 mahali pale pale pakapigwa picha tena. Picha zilipowekwa ubavu kwa ubavu, nukta moja iliyokuwepo kwenye ya kwanza haikuwepo kwenye ya pili.

Nukta hiyo ndiyo iliyofungua mlango. Mwezi Mei mwaka ule ule BeppoSAX ilinasa mlipuko mwingine, na safari hii darubini ya Keck huko Hawaii iliuwahi mng'ao na kuuchambua rangi zake. Mwanga ule ulikuwa umepenya gesi iliyo mabilioni ya miaka nuru kutoka hapa. Paczyński alikuwa sahihi.

Anayechelewa hukuta giza

Siku hizi tunajua zaidi kinachotokea. Milipuko mirefu, inayozidi sekunde 2, kwa kawaida hutokana na nyota kubwa mno kuliko Jua inayoishiwa fueli katikati. Kiini chake huporomoka na kuwa shimo jeusi. Mifupi kwa kawaida hutokana na nyota mbili za nyutroni kugongana. Kwa vyovyote vile, mikondo miwili myembamba ya maada hufyatuliwa kwa kasi iliyokaribia ya mwanga wenyewe. Gama hutoka ndani ya mkondo, mwanzoni kabisa. Mng'ao huja pale mkondo unapoigonga gesi iliyo nje ya nyota: wimbi la mshtuko hutimua elektroni, nazo zikipinda kwenye ugasumaku hutoa mwanga wa kila namna, tangu eksirei hadi redio. Kadiri mkondo unavyopungua kasi, ndivyo mng'ao unavyofifia.

Na hufifia kwa namna inayomwadhibu mchelewaji. Kwa makadirio ya jumla, muda tangu mlipuko ukiongezeka maradufu, mwanga hupungua kwa nusu. Aliyefika dakika moja baada ya mlipuko huukuta na nguvu mara 60 kuliko atakayefika baada ya saa nzima, na mara 1,440 kuliko atakayefika kesho yake. Vijana wa Amsterdam, saa 21 baada ya tukio, walihitaji kioo cha mita 4.2. Je, anayefika ndani ya dakika moja anahitaji kioo gani?

Jibu lilitolewa na Carl Akerlof wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake. Chombo chao, ROTSE-I, kilisimikwa Los Alamos, na hakikuwa na kioo kikubwa cha aina yoyote. Kilikuwa na lenzi nne za kamera za Canon, za milimita 200, zile ambazo wapiga picha wa mpira na wa mbugani huzibeba mabegani. Zikiunganishwa ziliona kipande cha anga chenye upana wa digrii 16 kwa 16. Tarehe 23 Januari 1999 mtandao wa tahadhari ulioasisiwa na Scott Barthelmy wa NASA ulipeleka taarifa ya mlipuko kupitia intaneti ndani ya sekunde chache. ROTSE-I ikageuka yenyewe, bila mtu kuigusa, na picha ya kwanza ikaanza kupigwa sekunde 22 baada ya mlipuko. Kwenye sekunde ya 47 nukta ile ilikuwa na mng'aro ambao mtu angeweza kuuona kwa darubini ndogo ya mkononi. Umbali ulipopimwa baadaye, ilibainika kwamba mwanga huo ulikuwa umesafiri zaidi ya miaka bilioni 9.

Namwomba msomaji atulie hapo kidogo. Jua letu lina umri wa miaka bilioni 4.6 hivi. Lenzi za dukani zilinasa, ndani ya dakika moja, mwanga ulioanza safari kabla Jua na Dunia havijakuwepo. Sijui hoja nyingine yenye nguvu kuliko hiyo ya kumjibu anayesema kwamba sayansi ya mambo ya mbali ni anasa ya mataifa tajiri.

Paczyński aliielewa hoja hiyo mapema kuliko wengi. Baada ya kushinda ule mdahalo kwa ushahidi wa wengine, alitumia miaka yake ya mwisho kuhimiza kamera ndogo, nyingi, zinazolinda anga yote usiku kucha. Wenzake wa Poland wakajenga mradi wa Pi of the Sky, wenye kamera zilizofungwa lenzi za kawaida, wakazipeleka Las Campanas nchini Chile. Paczyński alifariki tarehe 19 Aprili 2007. Miezi kumi na moja baadaye, tarehe 19 Machi 2008, setilaiti ya Swift ilinasa milipuko miwili katika pande jirani za anga kwa tofauti ya nusu saa tu. (Swift ilirushwa Novemba 2004, na kama BeppoSAX, nayo ilipangiwa kushusha data zake Malindi.) Kwa sababu ya mlipuko wa kwanza, kamera za Wapoland na kamera nyingine ya uwanda mpana, TORTORA, zilikuwa tayari zinaelekea upande ule pale wa pili ulipotokea. Hazikuhitaji kugeuka. Zilishuhudia nukta ikizuka pasipokuwa na kitu, ikipanda kwa sekunde chache hadi kipimo cha mng'aro cha 5.3, kisha ikishuka.

Kipimo hicho, ambacho namba ndogo humaanisha mng'aro mkubwa, kina maana kubwa. Mahali penye giza la kutosha, jicho la mtu huona nyota hadi kipimo cha 6. Kwa muda usiofika dakika moja, mtu aliyetazama mahali pale angeweza kuona bila kifaa chochote kitu kilichotuma mwanga wake miaka bilioni 7.5 iliyopita. Hakuna kitu cha mbali zaidi kinachojulikana kuwahi kufikia uwezo wa macho matupu. Huku kwetu ilikuwa saa 3:12 asubuhi, Jua limeshapanda, na hakuna ambaye angekiona. Kila saa nusu ya dunia imo mchanani, na milipuko haichagui zamu. Kwa hiyo kamera za kuilinda lazima zitapakae kuizunguka dunia yote.

Nukta 27,004

Juni 2008 NASA ilirusha setilaiti ya Fermi. Ala yake ya kunasa milipuko ina vigunduzi 14 vinavyoelekea pande mbalimbali, na hukadiria upande wa mlipuko kwa kulinganisha ni kigunduzi kipi kimepigwa zaidi. Kwa wingi wa mavuno haina mpinzani: milipuko kama 240 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya Swift. Lakini mahali inapoonyesha ni papana mno, mara nyingi digrii mraba makumi au mamia. Mwezi mpevu hufunika sehemu ya tano tu ya digrii mraba moja, na darubini nyingi kubwa huona eneo dogo kuliko Mwezi huo. Kwa miaka mitano milipuko iliyonaswa na ala hiyo peke yake ilipita bila mng'ao wake kuonekana. Ilihesabiwa, ikaandikwa, ikaachwa.

Waliokataa kuiacha walikuwa Palomar, California. Darubini waliyoitumia ilikamilika mwaka 1948. Inaitwa Samuel Oschin, ina upana wa mita 1.2, na iliundwa tangu mwanzo kuangalia eneo pana. Katika miaka ya 1950 ilipiga ramani ya anga yote ya kaskazini kwa bamba za kioo. Kizazi kipya kiliifunga kamera ya kidijitali yenye kuona digrii mraba 7 kwa picha moja, na kikaanzisha msako wa anga ulioitwa iPTF. Leo Singer, aliyekuwa anasomea udaktari wake Caltech, aliandika programu ya kupokea makadirio ya Fermi na kupanga mahali pa kupiga picha kwanza.

Tarehe 2 Julai 2013, saa za kimataifa, Fermi ilitoa tahadhari. California bado kulikuwa jioni, jua halijazama. Saa 4 na ushei baadaye, kiza kilipoingia, darubini ikaanza kazi, ikafunika digrii mraba 71, sawa na Miezi mipevu 350 iliyopangwa pamoja.

Hapo ndipo kazi ngumu huanza, na ndipo wengi hawaielewi. Kupiga picha si tatizo tena. Ukisimama ufukweni usiku wa giza ukatazama karabai za wavuvi wa dagaa zilizotapakaa hadi upeo wa macho, huwezi kujua ipi imewashwa sasa hivi na ipi ilikuwepo tangu magharibi, isipokuwa uwe na picha uliyoipiga kabla. Na hata ukiwa nayo, zipo zilizosogea, na zipo zinazofifia na kuwaka tena. Palomar walikuwa na picha za zamani za anga ile ile. Programu ilitoa picha ya zamani kutoka kwenye mpya, nukta kwa nukta, ili kibaki kilichobadilika tu.

Kilichobaki kilikuwa nukta 27,004.

Nyingi zilikuwa uchafu wa hesabu: nyota ambazo hazikufutika vizuri, kasoro za kamera, chembe kutoka anga za juu zilizoigonga. Programu iliyofundishwa kwa mifano ya zamani kutenganisha kitu halisi na uongo ilizitupa. Zikafuata asteroidi, zinazojulikana kwa kusogea kwake. Zikafuata nyota ndogo nyekundu zenye tabia ya kulipuka ghafla na kutulia, na galaksi zilizokwisha kujulikana kwa kubadilika mwanga. Mwishowe watu wakakaa kutazama kwa macho picha moja moja, maana hakukuwa na mashine iliyoaminiwa kutoa neno la mwisho katika jambo hili. Ikabaki nukta moja yenye sifa zote.

Wakaiomba Swift igeuke. Swift ikakuta pale pale eksirei mpya inayofifia. Darubini za redio za CARMA na VLA zikaithibitisha. Darubini za Magellan huko Chile na ile ya inchi 200 ya Palomar zikapima umbali wake: chini kidogo ya miaka nuru bilioni 2, jirani kabisa kwa vipimo vya milipuko hii. Katika siku zilizofuata supanova ikajitokeza mahali pale pale, nyota iliyokufa ikijionyesha waziwazi. Ulikuwa mng'ao wa kwanza kupatikana kwa kutegemea makadirio mapana ya Fermi peke yake.

Katika miezi 13 ya mwanzo kundi hilo lilifukuza milipuko 35 ya Fermi na kupata ming'ao 8. Asiyeijua kazi hii atasema ni michache. Mimi naona ni matokeo ya kujivunia, maana nyuma ya kila uliokosekana kuna wingu lililofunika, au anga lililofikika baada ya saa nyingi, au mlipuko ulioangukia nje ya eneo lililopigwa picha, au mng'ao uliokuwa hafifu tangu mwanzo. Kabla yao idadi ilikuwa sifuri.

Milipuko ambayo hatukuiona ikilipuka

Mwaka 2018 darubini ile ile ya 1948 ilianza msako mpya kwa kamera nyingine, ya mradi wa ZTF, inayoona digrii mraba 47 kwa picha moja. Huhitaji usiku mchache tu kuipitia anga yote ya kaskazini, kisha huanza upya. Tarehe 26 Agosti 2020 Fermi ilinasa mlipuko uliodumu kama sekunde moja. Kwa kanuni ya sekunde 2, ulipaswa kuwa mgongano wa nyota za nyutroni. ZTF iliupata mng'ao wake, Tomás Ahumada na wenzake wakaufuatilia kwa wiki kadhaa, na ushahidi ukaelekea kwenye nyota kubwa iliyoporomoka. Bila mng'ao, mlipuko huo ungeandikwa milele katika fungu lisilo lake, na kanuni iliyofundishwa vyuoni kwa miaka mingi isingetikiswa.

Lakini kinachonivutia zaidi kwa darubini za uwanda mpana ni uwezo wa kufanya kazi bila tahadhari ya setilaiti. Mkondo unaotoa gama ni mwembamba, digrii chache tu, na tunaona gama pale tu unapotuelekea. Kwa kila mlipuko unaotufikia, mingi huelekea pengine na haitufikii kamwe. Mng'ao hupanuka kadiri mkondo unavyopungua kasi, na kinadharia unaweza kumfikia hata asiyeelekewa. Februari 2014 watu wa Palomar walipata nukta iliyofifia haraka mno, bila kuambiwa na yeyote pa kutazama. Baadaye ndipo walipogundua kwamba setilaiti nyingine zilikuwa zimenasa gama kutoka upande ule. ZTF imepata kadhaa za namna hiyo, na baadhi hazijulikani kuwa na mlipuko wowote wa gama ulioandikwa. Kama ni mikondo iliyoelekea kando, au ni mikondo iliyojaa maada mazito yakazuia gama kutoka, bado wataalamu wanabishana. Hesabu yake ikikamilika tutajua ni nyota ngapi hasa hufa kwa namna hii.

Siku ya 17 Agosti 2017 ilionyesha thamani nyingine ya darubini kushirikiana na ala za aina nyingine: mitetemo ya mvutano kutoka nyota mbili za nyutroni zilizogongana, na sekunde 1.7 baadaye gama. Darubini ya Swope huko Chile, yenye kioo cha mita 1 tu, ndiyo iliyotangulia kukiona chanzo chake, katika galaksi iliyo umbali wa miaka nuru milioni 130.

Na sasa Chile imepata kituo cha Vera Rubin, kilichotoa picha zake za kwanza Juni 2025. Kioo ni cha mita 8.4, kamera ni ya megapikseli 3,200, na kila usiku hutarajiwa kutoa taarifa hadi milioni 10 za vitu vilivyobadilika. Zile nukta 27,004 zitakuwa kazi ndogo.

Nafasi yetu

Kusini mwa Afrika tayari kuna watu kazini. Sutherland, katika nyanda kavu za Afrika Kusini, kuna SALT yenye kioo cha mita 11 hivi, lakini pembeni yake kuna vyombo vinavyonihusu zaidi katika makala haya: kituo cha mtandao wa MASTER chenye mirija miwili ya sentimita 40, MeerLICHT yenye kioo cha sentimita 65, na ATLAS yenye nusu mita. Vyote ni vya uwanda mpana, na hakuna hata kimoja kinachohitaji jengo kubwa. Na mwaka 2003, karibu na Pretoria, Berto Monard, mtu anayetazama nyota kwa mapenzi yake tu, aliupata mng'ao wa mlipuko wa tarehe 25 Julai kwa darubini yake mwenyewe ya inchi 12. Alikuwa mtazamaji wa kwanza asiye mwajiriwa wa sayansi kufanya hivyo.

Afrika Mashariki imetangulia na imechelewa kwa wakati mmoja. Setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa astronomia ya eksirei, Uhuru, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya. BeppoSAX ilizungumza na dunia kupitia Malindi. Swift nayo. Kwa zaidi ya nusu karne habari za anga la mbali zimepita kwenye pwani yetu zikienda kwingine, na sisi tumekuwa wapokeaji wa mizigo ya wenzetu. Sioni aibu katika kupokea mizigo. Naona hasara katika kuishia hapo.

Mahali petu ni pazuri. Aliye kwenye ikweta huona karibu anga yote, ya kaskazini na ya kusini pia, jambo ambalo Palomar na Sutherland haziwezi. Misimu ya mvua itatunyima usiku mwingi, hilo ni kweli na halifichiki, lakini kaskazini mwa Kenya na katikati ya Tanzania kuna nyanda kavu, zilizoinuka, zenye giza ambalo Ulaya imelipoteza. Hatuhitaji kuanza na kioo cha mita 8. Chombo cha sentimita 40 au 50, kinachojigeuza chenyewe, chenye kamera nzuri na vijana wanne au watano wanaojua kuandika programu, kinatosha kuingia katika kazi hii na kuheshimiwa.

Tahadhari za milipuko zinazosambazwa na mtandao wa NASA ziko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Taarifa za ZTF zinatolewa hadharani. Kijana wa Dodoma au Eldoret mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuanza leo kuzisoma, kujifunza kutoa picha moja kutoka kwenye nyingine, na kutafuta nukta iliyobadilika kabla chuo chake hakijanunua hata lenzi moja. Ombi langu kwa wakuu wa vyuo vikuu vya Kenya, Tanzania na Uganda ni kwamba waunganishe nguvu wanunue darubini moja ya uwanda mpana, ya pamoja, wakiisimika mahali pakavu na penye giza, na wawakabidhi wanafunzi. Na ombi langu kwa serikali zinazokaa mezani na Italia kuhusu Malindi ni kwamba mazungumzo yajayo yawe na kipengele cha kuwafundisha vijana wetu kuzichambua data zinazoshukia kwenye ardhi yao.